Mradi wa mwanafunzi au mradi wa mwalimu? Kishapu wana jibu



Kuna neno limerudi mashuleni kwa kishindo. Neno lenyewe ni MRADI. Tangu mitaala mipya ianze kutumika Januari 2024, kuanzia awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, lugha ni moja tu: umahiri, vitendo, mwanafunzi awe katikati, mwanafunzi afanye mradi. Sera yenyewe, ile ya 2014 toleo la 2023, ikazinduliwa rasmi Dodoma Februari 2025. Elimu ya lazima inakuwa miaka kumi na mtoto atoke shuleni akiwa na kitu mkononi, siyo cheti peke yake.

Safi sana. Mimi sina ugomvi na hilo neno. Nina swali moja tu ambalo naona halijaulizwa vya kutosha: huo mradi ni wa nani?

Maana kuna mradi wa mwanafunzi, halafu kuna mradi wa mwalimu unaofanywa kwa mikono ya mwanafunzi. Ukipita nje ya dirisha la darasa huwezi kutofautisha. Kote utakuta watoto wameinama, wanapima, wanachimba, wanaandika. Tofauti iko kwenye mambo manne: nani aliuliza swali, nani aliamua njia ya kufuata, nani anashika hesabu, na nani anapata faida au hasara mwisho wa siku. Kama majibu yote manne ni "mwalimu", basi bwana hapo hakuna mradi wa mwanafunzi. Hapo kuna kibarua.

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kuna Mmarekani anaitwa William Heard Kilpatrick, mwaka 1918 aliandika makala maarufu kuhusu kufundisha kwa miradi. Hata yeye alisisitiza kwamba mradi ni mradi pale tu ambapo kusudi ni la mtoto mwenyewe. Lakini hatuna haja ya kwenda mpaka Marekani. Sisi tumeshapita njia hii, tena mbali sana.

Turudi 1967. Februari 5 Azimio la Arusha linatangazwa. Mwezi uliofuata, Machi, Mwalimu Nyerere anatoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Wengi wetu tunalijua kwa jina tu, na ukimuuliza mtu limesema nini atakwambia "lilisema wanafunzi walime". Kalisome tena, ndugu yangu. Halikusema walime tu. Lilisema shule iwe jumuiya inayojitegemea, na wanafunzi wenyewe washiriki kupanga shamba, watunze hesabu, waone matokeo ya maamuzi yao, waamue mapato yatumikeje. Mwalimu alilalamikia elimu ya kikoloni kwa kumtenga mtoto na jamii yake, kuabudu mtihani, na kudhani maarifa yote yako kwenye vitabu huku mzee wa kijijini anaonekana hajui kitu.

Ukilisoma leo unaweza kudhani limeandikwa na mtaalamu wa mitaala wa mwaka jana.

Kilichotokea mashuleni sote tunakijua. Shamba la shule lilibaki, maamuzi yakaondoka. Mimi nimepalilia shamba la shule kwa miaka, na sikuwahi hata siku moja kuulizwa tupande nini, wala kuambiwa tulivuna magunia mangapi na pesa ilikwenda wapi. Ukichelewa namba, unakwenda kulima. Ukipiga kelele darasani, unakwenda kulima. Kazi iliyotakiwa kuwa somo ikawa ADHABU. Halafu tunashangaa kwa nini vijana wanakimbia jembe!

Baadaye tulijaribu tena. Azimio la Musoma la 1974 likaleta mambo ya tathmini endelevu ili mtihani wa mwisho usiwe mungu. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari ukabadilishwa uwe wa kujenga uwezo badala ya kukariri. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri. Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, ambapo watahiniwa karibu sita katika kila kumi walipata sifuri. Nchi nzima ilishika kichwa. Hao walikuwa ni watoto wa huo mtaala wa kujenga uwezo. Karatasi ilibadilika, darasa halikubadilika.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kuwapeleka Kishapu.

Kwa asiyepajua, Kishapu ni wilaya ya mkoa wa Shinyanga, makao makuu yake Mhunze. Ni nchi ya pamba, mtama, mkonge na ng'ombe, mvua ni ya kusuasua. Hapo ndipo ilipo Mwadui, mgodi wa almasi ambao Mkanada John Williamson aliugundua 1940. Mtu wa mbali akisikia Shinyanga anafikiria almasi. Ukitaka kujua jinsi watu wanavyojifunza na kumiliki walichojifunza, achana na almasi kwanza. Angalia miti.

Miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa la Tanzania. Sababu zilikuwa nyingi. Enzi za mkoloni misitu ilifyekwa kupambana na mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka. Halafu kuhamishiwa kwenye vijiji miaka ya 1970 kukawaweka watu mbali na ngitili zao. Ngitili, kwa wasiojua, ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza ili majani yaote, kisha hulifungua kiangazi mifugo ipate cha kula. Ni maarifa ya zamani, hayakuletwa na mtu na mafaili.

Serikali na wafadhili walikuwa wamejaribu kuokoa ardhi kabla ya hapo. Amri za kupunguza mifugo zilitoka juu, na miti ya kigeni ikaletwa watu waipande. Wananchi waliitikia kwa mdomo tu. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa msaada wa Norway. Hawa wakafanya jambo ambalo ndilo moyo wa makala hii: wakaanza na kile ambacho watu walikuwa wanakijua na kukitaka wenyewe. Ngitili. Familia ikaamua eneo lake, kijiji kikaamua lake. Sheria za kufunga na kufungua zikawekwa na wenyeji, mabaraza ya kimila ya dagashida na sungusungu wakazisimamia. Wataalamu walikuwepo, ila kazi yao ilikuwa kushauri na kufundisha.

Matokeo? Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla Simiyu na Geita hazijakatwa 2012. Mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kuni zikarudi, majani yakarudi, dawa na asali zikarudi. Kuna vijiji ambavyo mapato ya ngitili yalisaidia kujenga madarasa.

Hebu weka shamba la shule na ngitili pembeni kwa pembeni. Ardhi ni ile ile, jua ni lile lile. Tena watu ni wale wale, maana mtoto aliyekuwa anapalilia shamba la shule kwa uvivu asubuhi, jioni alikuwa analinda ngitili ya babu yake kwa umakini mkubwa. Kwanza alikuwa anajua kwa nini imefungwa. Pili alikuwa anajua itafunguliwa lini. Tatu alikuwa anajua ng'ombe wa nani watakula. Hakuna aliyemchapa ndipo ajifunze. Kilichotofautiana ni UMILIKI tu.

Sasa tuingie darasani. Mradi wa mwanafunzi kwenye shule ya kata Kishapu ungekuwaje? Nisiwape nadharia, nichukue mfano mmoja wa mizani.

Kishapu kila mwaka pamba inapimwa. Na kila mkulima anajua wasiwasi wa kusimama mbele ya mizani asiyoijua. Wasiwasi huu una historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba Usukumani walianza kuweka mizani yao wenyewe wapime kabla pamba haijafika kwa mnunuzi. Kwenye vuguvugu hilo ndimo kilimozaliwa chama kikuu cha ushirika cha Victoria, VFCU, mwaka 1955, chini ya Paul Bomani. Kilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika Afrika. Yaani ushirika mkubwa ulitokana na swali dogo: hii kilo ni kilo kweli?

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili swali hilo hilo. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Kwa hiyo dumu la lita 20 likijazwa maji ni kilo 20 ukiacha uzito wa dumu lenyewe. Unapima dumu tupu, unapima dumu lenye maji, unatoa. Unarudia mara kumi. Unaweka dumu mbili, tatu, unaangalia kama mizani inadanganya zaidi mzigo unapokuwa mkubwa. Unachora grafu. Hapo umeshagusa uzito, ujazo, wastani, kosa la kipimo, na ukitaka historia na uraia vyote vimo. Gharama ni dumu na maji. Halafu siku ya mwisho wanafunzi wanawaonyesha wazazi wao, ambao msimu ukifika watakwenda kupima pamba.

Huo mtoto hausahau. Kwa sababu unagusa ada ya dada yake na debe la mtama la nyumbani.

Mifano mingine iko mingi tu. Lambo la kijiji linapungua sentimita ngapi kwa wiki kiangazi, na ng'ombe wanakunywa kiasi gani? Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa Mwadui lilibomoka, tope likafunika mashamba na makazi ya jirani. Mwanafunzi anaweza kuchukua makopo kumi, matano yenye udongo uliofunikwa na tope, matano yenye udongo wa kawaida, akapanda mtama na kupima urefu kila baada ya siku tatu. Sichagui mradi hapa. Naonyesha tu kwamba maswali yapo mlangoni, hayahitaji kununuliwa dukani.

Na hili la dukani si utani. Jirani zetu Kenya walianza mtaala wao wa umahiri nchi nzima Januari 2019. Muda si mrefu wazazi wakaanza kulia: leo manila, kesho gundi, keshokutwa nenda kachapishe picha kwenye kafe. Usiku baba na mama ndio wanaokata karatasi na kubandika, mtoto amelala. Mwaka 2021 malalamiko yakafika hadi Mahakama Kuu. Mradi ukishakuwa wa mzazi, mtoto wa tajiri anapata alama ya pesa za baba yake, na mtoto wa mkulima anapata sifuri ya umaskini wa baba yake. Tusipoangalia, na sisi tunaelekea huko huko.

Lakini ni Kenya hiyo hiyo iliyotoa mfano wa pili. Mwalimu Peter Tabichi wa Keriko, sekondari ya kutwa kijijini huko Nakuru, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja, intaneti ya kusuasua, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Wanafunzi wake kwenye klabu ya sayansi walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, wengine wakatafuta umeme kwenye mimea ya pale pale kwao. Hapa kwetu nako kuna Young Scientists Tanzania iliyoanzishwa 2011, ambapo wanafunzi wa sekondari wanapeleka utafiti wao kwenye maonyesho ya kitaifa. Kwa hiyo tusijifiche nyuma ya umaskini. Umaskini ni kikwazo kweli, ila siyo kisingizio cha kutouliza maswali.

Haya, nasikia mtu anasema: "Wewe ndugu unaota. Watoto kusoma kwenyewe tabu, darasa limejaa mpaka dirishani, unataka miradi?"

Hoja nzito hiyo, na siipuuzi. Mradi bila maarifa ni mchezo. Mtoto asiyejua kutoa na kugawanya hawezi kukagua mizani hata ukimpa uhuru wa dunia nzima. Kwa hiyo mwalimu LAZIMA afundishe, tena sana. Ninachosema ni kwamba mwalimu afundishe wastani siku ile mtoto anaouhitaji kwa sababu vipimo vyake kumi vimetofautiana. Hapo anafundisha mara moja na inakaa. Na darasa la watoto themanini ni makundi kumi ya watu wanane. Kila kundi na dumu lake. Mwalimu anapita. Ni kazi ngumu, lakini kusimama mbele na kuandika ubao mzima wanakili watoto themanini nayo si rahisi, na faida yake tuliiona 2012.

Vikwazo ninavyoviogopa mimi ni vitatu, na havitatuliwi kwa semina.

Cha kwanza, FIMBO. Kanuni za 2002 zinaruhusu mwanafunzi kuchapwa viboko visivyozidi vinne, na sote tunajua kanuni na uhalisia ni watu wawili wasiosalimiana. Mradi unahitaji kukosea. Kundi likipima vibaya linatakiwa kusema "tulikosea hapa, tukarudia". Pale kosa linapolipwa kwa kiboko, mtoto atapika namba ili apone. Hapo umemfundisha kughushi, siyo sayansi.

Cha pili, LUGHA. Mtoto wa Kishapu anauliza swali kwa Kisukuma nyumbani, analifikiria kwa Kiswahili, halafu sekondari anatakiwa kuliandika kwa Kiingereza. Swali lenye akili linaingia upande huu, linatoka upande wa pili likiwa sentensi mbili alizonakili kwenye kitabu. Aachwe akusanye, ajadili na kuandika rasimu kwa lugha anayoiweza. Kiingereza kije mwishoni.

Cha tatu, ALAMA. Kama mtihani wa taifa utaendelea kuuliza "taja", "orodhesha", "nini maana ya", mwalimu mwenye akili timamu atafundisha kutaja na kuorodhesha. Mradi atauacha ufanywe wiki ya mwisho ili fomu ijazwe. Simlaumu.

Sasa nimalize na nyinyi wenyewe mnaosoma hapa, hasa mlioko sekondari na vyuoni.

Najua mnavyofanya. Mwalimu akitoa mradi, mnakimbilia kafe, mnatafuta, mnanakili, mnabandika, mnachapisha, mnatia jalada zuri. Siku hizi ni rahisi zaidi, unaiambia programu ya akili mnemba ikuandikie, dakika moja kurasa kumi zimetoka, tena Kiingereza kimenyooka kuliko cha mwalimu. Alama mnapata. Lakini jiulize: hizo kurasa kumi zinajua lambo la kijijini kwenu limepungua sentimita ngapi wiki hii? Zinajua mizani ya pale ghalani inasoma ngapi ukiweka dumu la maji? Hazijui, na haziwezi kujua mpaka MTU aende akapime. Mtu mwenyewe ni wewe. Intaneti itumie kujifunza namna ya kupima, kisha funga kompyuta uende ukapime.

Na mwalimu akikupa mradi usioeleweka ni wa nini, muulize kwa adabu: "Mwalimu, tunaweza kuchagua swali letu?" Wengi hawatakataa. Wengi wao nao hawajawahi kuulizwa.

Waziri, mkurugenzi na afisa elimu wanaweza kutuletea mtaala. Hawawezi kutuletea umiliki, kama ambavyo hakuna waziri aliyeotesha zile hekta 300,000. Walichofanya wenye busara ni kuacha wenye ardhi waamue, wakakaa karibu kuwasaidia. Kama tuliwaamini wakulima wa Shinyanga na miti yao, tunashindwaje kuwaamini watoto wao na maswali yao?

Nawasilisha. Kwenye shule yako, mradi ulikuwa wa nani? Tuambizane ukweli, tusiogope.